Programu ya kutabiri bei ilipoingia kwenye kikoba chetu

Nayaandika haya kwa sababu kila nikikaa na watu wa vikundi vya akiba hapa Dar, iwe Tabata, Mbagala au Tegeta, swali linalokuja ni lile lile: kuna kijana ana programu ya kompyuta, anasema inasoma soko kwa nadharia ya machafuko (chaos theory), yaani kwamba vurugu ya bei ina kanuni chini yake, tumpe hela au tusimpe? Kwetu swali hilo lilinifikia likiwa limeshalipiwa nusu. Nimekaa nalo miezi mingi, na kuna mambo ambayo yangetuokolea fedha na usingizi kama mtu angetuambia mapema.

Kikoba chetu ni cha akina mama, wengi wafanyabiashara wadogo na watumishi. Hela zetu ni za ada za Januari na kodi za fremu. Tulikuwa tumeanza kununua hisa kidogo kidogo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, na baadhi yetu wakawa wanatamani kitu cha kasi zaidi. Kijana aliyeleta programu ni mtoto wa shemeji yake mwenzetu mmoja, mpole, msomi, mwenye heshima zake. Bei ilikuwa shilingi milioni moja na laki mbili. Kianzio cha laki sita mweka hazina alikuwa ameshakituma kwa simu. Ndipo mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha hesabu. Kaa na huyu mtoto, halafu utuambie."

Nafundisha hisabati sekondari na takwimu nilisoma Mlimani, kwa hiyo sikuwa na pa kukwepea. Lakini niseme ukweli, mzigo ule ulinielemea. Nikisema hapana, nimemwaibisha mtoto wa watu na kuwagombanisha mawifi. Nikisema ndiyo na hela zikapotea, nimepoteza ada za watoto wa wenzangu. Kama kikundi chako kitakupa kazi kama hii, omba kwanza mambo mawili: muda wa kutosha, na ahadi kwamba hakuna senti nyingine itakayotoka mpaka utoe majibu. La pili nililiomba siku ile ile, na ndilo lililotusaidia kuliko hesabu zote zilizofuata.

Kijana alikuja nyumbani na laptopu yake. Hoja yake haikuwa ya kitapeli. "Shikamoo mwalimu. Watu wanasema bei ni bahati nasibu kwa sababu hawajaiona kanuni iliyo chini yake. Kanuni ipo. Vurugu unayoiona inatoka kwenye kanuni." Kila sentensi hapo ina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu hoja hii inawapata hata watu waliosoma.

Upande wa bahati nasibu una historia ndefu. Mwaka 1900 Mfaransa Louis Bachelier aliandika tasnifu mjini Paris akizichukulia bei za soko la mitaji kama mwendo usio na kumbukumbu: hatua ya kesho haijali ya leo. Mwaka 1953 Maurice Kendall, mtakwimu Mwingereza, alipima bei za hisa na bidhaa za miaka mingi akitafuta mizunguko iliyojificha ndani yake, na kwa sehemu kubwa hakuona kitu cha kushika. Baadaye Eugene Fama akaja na maelezo ya kiuchumi: habari yoyote inayojulikana imeshaingia kwenye bei, na kinachobaki kuisogeza ni habari mpya, ambayo kwa asili yake hakuna aliyeijua jana.

Upande wa machafuko ulianza kwenye hali ya hewa. Edward Lorenz, wa chuo cha MIT Marekani, mwaka 1961 alitaka kurudia sehemu ya hesabu alizokuwa ameshaziendesha kwenye kompyuta. Karatasi ilikuwa imechapa 0.506, akaingiza hiyo, wakati ndani ya mashine namba ilikuwa 0.506127. Hali ya hewa ya mashine ikaanza sawa na ile ya kwanza, ikaachana nayo, mwisho haikufanana nayo hata kidogo. Hapakuwa na bahati nasibu yoyote mle ndani. Kanuni zilikuwa zile zile na kompyuta haikukosea.

Hili nilimwonyesha kijana kwa kitu ambacho yeyote mwenye Excel anaweza kukifanya, na nashauri ukifanye kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Chukua namba kati ya 0 na 1. Izidishe kwa kile kinachobaki ukiitoa kwenye 1, kisha zidisha kwa 4; kwa mfano 0.3 × 0.7 × 4. Jibu lirudishe kwenye kanuni ile ile, tena na tena. Safu moja tulianza na 0.3, ya pili na 0.3001. Hatua ya kwanza zote mbili zilitoa 0.84. Ya tano, 0.088 na 0.086. Mpaka ya saba bado ukiziangalia juu juu unaona ni ndugu. Hatua ya 12 moja ilikuwa 0.55 na nyingine 0.15. Hatua ya 14 moja ilikuwa 0.05, nyingine imekaribia kabisa 1. Kijana alifurahi sana, akapiga meza: "Si unaona mwalimu! Inaonekana nasibu lakini kanuni ni moja."

Nilikubaliana naye. Kisha nikamwomba aanze upya, safari hii safu ya pili ianze na 0.30000001, yaani usahihi mara elfu kumi zaidi. Muda wa safu mbili kwenda pamoja uliongezeka kwa hatua kama kumi na tatu tu. Hapa ndipo biashara yote ya kutabiri kwa machafuko inapobanwa: kosa dogo la mwanzo linajirudufu kila hatua, na ili upate siku chache zaidi za kuona mbele unahitaji kuijua hali ya leo kwa usahihi wa ajabu. Tena katika zoezi letu kanuni tulikuwa tunaijua kwa ukamilifu.

Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Machafuko hayana maana kwamba huwezi kutabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatuambia kesho mvua Dar na pwani yote, na mara nyingi inanyesha kweli. Angahewa ni ya machafuko, lakini tabiri za siku chache zinafaa kwa sababu kuu mbili: kanuni za hewa, joto na unyevu zinajulikana kutoka kwenye fizikia, na hali ya sasa inapimwa kwa setilaiti, vituo na maputo dunia nzima. Hata hivyo, kupita wiki mbili hivi utabiri wa siku moja moja unakwisha nguvu. Sasa anayekuja kukuuzia machafuko ya soko anakuahidi mafanikio ya utabiri wa hali ya hewa bila kuwa na kimojawapo kati ya vitu hivyo viwili. Kanuni ya soko hakuna aliyeiandika. Hali ya sasa ya soko imo vichwani mwa mamilioni ya watu. Nilimuuliza kijana: "Kanuni yenyewe ni ipi?" Akasema programu inaitafuta kutoka kwenye bei zilizopita. Basi kazi ikawa kupima kama kweli inaipata.

Kipimo cha kwanza ni picha. Chora badiliko la bei la leo kwenye mhimili mmoja na la kesho yake kwenye mwingine, nukta moja kwa kila siku. Ukifanya hivyo kwa ile kanuni ya Excel, nukta zilizoonekana ovyo zinajipanga kuwa mkunjo mmoja safi kama upinde. Ukifanya kwa namba nasibu, unapata wingu. Nikaanza na hisa ambazo kikundi kilikuwa nazo DSE, kwa kuwa hizo ndizo tulizokuwa na haki ya kuzijua. Nilikaa usiku, watoto wamelala, nikachora. Hisa moja ikatoa msalaba. Mistari miwili iliyonyooka, imekatana katikati, na katikati penyewe nukta zimerundikana mpaka zimekuwa doa jeusi. Moyo ulinienda mbio. Namba nasibu hazichori msalaba.

Asubuhi iliyofuata nilipanda mwendokasi mpaka Posta kwa dalali wetu wa hisa, nikiwa na ile picha kwenye simu. Dada anayeshughulikia akaunti zetu za CDS, yaani akaunti za kuhifadhia hisa, aliitazama, akaniuliza swali moja: "Mwalimu, umeangalia safu ya idadi ya hisa zilizouzwa?" Sikuwa nayo. Akafungua faili lake, akaweka kidole kwenye skrini, akashuka nacho taratibu. Sifuri. Sifuri. Hisa mia mbili. Sifuri. "Si kwamba bei imetulia hapa. Siku hizi za sifuri hakuna aliyeuza wala kununua, kwa hiyo tunabeba bei ya mwisho."

Msalaba wangu wote ulikuwa umetoka hapo. Siku isiyo na mauzo inatoa badiliko sifuri. Nukta inayokutanisha sifuri na siku yenye mauzo lazima ikae juu ya mhimili. Nikachora hisa za benki kubwa, CRDB na NMB, ambazo huuzwa mara nyingi zaidi, na msalaba ukafifia, ukaja wingu lenye mistari myembamba ikitawanyika kutoka katikati. Hiyo nayo ina maelezo: bei husogea kwa hatua za shilingi kamili, haiwezi kukaa katikati ya hatua. Mwaka 1996 Timothy Crack na Olivier Ledoit waliandika kuhusu mistari ya aina hiyo kwenye hisa za New York, wakaonyesha kwamba ni muundo halisi kabisa ambao haukusaidii kutabiri chochote. Tangu siku ile kila nikioneshwa umbo kwenye chati za soko, la kwanza ninalouliza ni jinsi bei yenyewe inavyoandikwa: nani anaiandika, lini, kwa hatua ya ukubwa gani, na siku isiyo na biashara inaandikwa nini. Kwa soko kama letu, lililoanza biashara Aprili 1998 na hadi leo lina kampuni chache, swali hilo lina uzito kuliko hesabu yoyote ya kisasa.

Kipimo cha pili ndicho kilichomaliza ubishi, nacho hakihitaji shahada. Programu ya kijana ilikuwa ya dhahabu na fedha za kigeni, na ilikubali kupokea faili la bei za zamani. Nilichukua bei za dhahabu alizokuwa nazo, nikatoa mabadiliko ya kila siku, nikayachanga kama karata, kisha nikajenga bei mpya kutokana na mpangilio huo uliovurugwa. Angalia vizuri: unachanga mabadiliko, huchangi bei zenyewe, ukichanga bei unapata kichekesho cha chati ambacho kila mtu ataona ni bandia. Faili jipya lina siku nzuri na mbaya zile zile, ila kilichokuwa baada ya nini kimefutwa. Kama programu inasoma kanuni ya wakati, hapa lazima ipofuke.

Haikupofuka. Iliendelea kuweka mishale yake ya kijani na nyekundu kwa kujiamini kule kule. Ikatangaza imegundua mfumo wa machafuko kwenye faili ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelivuruga. Tukachanga tena, na tena, huku kijana akiwa pembeni yangu anabonyeza mwenyewe. Mishale iliyopatia kwenye bei za kweli haikuzidi ile iliyopatia kwenye bei zilizochangwa. Alinyamaza muda mrefu. Nilimwonea huruma, maana yeye naye alikuwa ameinunua leseni kwa kampuni ya nje, na alikuwa ameiamini.

Hata hivyo kipimo hicho hicho kilionyesha kitu kingine, na sitaki kukificha kwa kuwa kinaharibu jibu rahisi la "yote ni bahati nasibu". Kwenye bei za kweli, siku za mtikisiko mkubwa zilikuwa zimekaa pamoja, na siku tulivu pamoja. Tulipochanga, mafungu hayo yalisambaratika. Kumbe ukubwa wa mabadiliko una kumbukumbu, hata kama upande wa kwenda hauna. Benoit Mandelbrot aliliandika hili mwaka 1963 akichunguza bei za pamba, pamoja na jambo jingine: miruko mikubwa hutokea mara nyingi kuliko inavyotakiwa na nasibu ya kawaida ya vitabuni. Mwaka 1982 Robert Engle akatoa hesabu ya kuueleza mtikisiko unaokuja kwa mafungu, na baadaye akapata tuzo ya Nobel.

Wataalamu wakubwa walishapita njia hiyo hiyo. Baada ya Oktoba 19, 1987, siku ambayo Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za Marekani, kilianguka asilimia 22.6 bila habari moja iliyotosha kueleza anguko hilo, hamu ya kutafuta machafuko kwenye soko iliongezeka. José Scheinkman na Blake LeBaron walichapisha mwaka 1989 uchunguzi wa hisa za Marekani wakitumia, pamoja na vipimo vingine, kuchanga huku huku. Waliona bei za kweli zinatofautiana na zilizochangwa, yaani siku hazijitegemei kabisa. Lakini sehemu kubwa ya tofauti za namna hiyo inaelezeka na mafungu ya mtikisiko. Kutoka hapo hadi kwenye kanuni ndogo inayokuambia kesho dhahabu inapanda, hakuna daraja lililojengwa.

Kijana aliuliza kwa haki: pengine kanuni ipo ila ni ngumu kuliko tunavyofikiri? Inawezekana. Tatizo ni urefu wa kumbukumbu tulizonazo. Jean-Pierre Eckmann na David Ruelle walionyesha mwaka 1992 kwamba ukiwa na vipimo 1000, njia ya kawaida ya kuhesabu ugumu wa mfumo wa machafuko, yaani takriban idadi ya vitu vinavyouendesha, haiwezi kukupa jibu linalozidi 6, hata kama mfumo wenyewe ni mgumu mara nyingi zaidi. Siku 1000 za soko ni karibu miaka minne. Programu yetu ilikuwa inajisifu kwa jibu la karibu na 6 kutoka kwenye siku chini ya 1000. Kwa hiyo namba ile haikuwa inaliongelea soko, ilikuwa inaongelea ufupi wa faili. Mfumo wa machafuko wenye sehemu nyingi zinazovutana, ukiutazama kupitia faili fupi lenye makosa, huwezi kuutofautisha na nasibu. Mimi kwa upande wangu nimeacha kubishana ni kipi kati ya viwili hivyo. Ninachouliza ni kama aliyepo mbele yangu ana kanuni inayovuka kipimo cha kuchanga.

Na kuna mambo ambayo hayako upande wowote. Januari 15, 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kiwango cha chini cha faranga 1.20 kwa yuro ilichokuwa inakilinda tangu 2011. Ndani ya dakika chache faranga ikaruka, akaunti za watu waliokuwa wamekopa wakitegemea faranga isipande zikaungua, nyingine zikabaki na deni. Ule ulikuwa uamuzi wa watu mezani, na chati ya jana yake haikuwa na habari nao. Pia mvua haisomi utabiri wa mvua, lakini soko linasoma utabiri wa soko. Wote wakijua bei itapanda Ijumaa, watanunua Alhamisi, na Ijumaa ile haitakuja tena kama ilivyotabiriwa.

Kikao cha kutoa majibu kilikuwa kigumu. Sikuwaletea majina ya wataalamu. Nilibeba laptopu na chati mbili, moja ya kweli na moja iliyochangwa, nikawaomba waseme ipi ni ipi, kisha nikawaonyesha mishale ya programu kwenye zote. Mama mmoja anayeuza vitenge alisema, "Sasa huyu anatabiri hata uongo?" Ubishi uliisha hapo, lakini machungu hayakuisha. Katika zile laki sita, kijana aliturudishia laki mbili. Zilizobaki alikuwa ameshazilipa kwenye leseni. Mwenzetu mwenye shemeji hakuja vikao viwili vilivyofuata. Nilimfuata nyumbani, tukaongea, nikamwambia mbele ya mumewe kwamba kijana hakutuibia. Nashauri mtu afanye hivyo mapema, kabla maneno hayajazunguka.

Fedha za kikundi tumezigawa: sehemu hati fungani za serikali, sehemu mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na sehemu hisa ambazo hatutazihitaji kuziuza kwa haraka, maana kwenye soko lenye siku za sifuri unaweza kutaka kuuza na usimpate mnunuzi. Ile habari ya mafungu ya mtikisiko tunaitumia kwa jambo moja tu: soko likianza kuruka, hatuongezi hela mpaka litulie, hata kama kila mtu anasema ni nafasi.

Anayetaka kupima mwenyewe asilipie takwimu kwanza. DSE hutoa ripoti za bei za kila siku, na dalali wako anaweza kukusaidia na za nyuma. Omba bei ya kufunga pamoja na idadi ya hisa zilizouzwa, zote mbili. Ondoa au weka alama siku zisizo na mauzo kabla ya kuchora chochote. Kwenye Excel, safu ya RAND kando ya mabadiliko kisha kupanga kwa safu hiyo inatosha kuchanga. Fanya mara nyingi, si mara moja, kwa kuwa mpangilio mmoja unaweza kubahatika. Na muuzaji akikataa programu yake isilishwe faili ulilolivuruga, msimlipe hata kianzio.